ULIZA MWALIMU: Holašovice, kijiji kilichobaki na watu wawili

Toleo lililopita kwenye ukurasa wa picha tuliweka nyumba nne za rangi rangi za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Czech, kinaitwa Holašovice (soma Holashovitse), na maelezo ya chini yalikuwa mstari mmoja tu kwamba kiliwahi kubaki na watu wawili na sasa kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Basi meseji zimemiminika. Yanayofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyapunguza, na wale mlioniuliza bei ya viwanja Ihumwa hapa si mahali pake jamani.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Ipagala hapa hapa Dom. Hicho kijiji kiko upande gani wa Czech, kina watu wangapi, na kimefanya kitu gani cha maana mpaka UNESCO wakiandike, maana kwenye ramani ya simu nimezuum hadi nikachoka ndo kikatokea.

JIBU: Marahaba mwanangu. Czech iko katikati kabisa ya Ulaya, haina bahari, imezungukwa na Ujerumani, Poland, Slovakia na Austria. Shuka kusini mwa nchi utakuta mji unaitwa České Budějovice, ndo mji mkubwa wa eneo linaloitwa Bohemia ya Kusini, na ukitoka hapo kuelekea magharibi kilomita kama 15 hivi unafika Holašovice. Wakazi ni kama 140 tu. Kiutawala hata sio kijiji chenye serikali yake, kiko chini ya Jankov, kwa mpangilio wetu ungesema ni kitongoji.

Sasa kimefanya nini. Hakijafanya kitu! Hakuna vita kubwa iliyopiganwa pale, hakuna mfalme aliyezaliwa pale, hakuna dhahabu. Kilichowavutia UNESCO ni ramani ya kijiji yenyewe. Katikati kuna uwanja wa nyasi wa mstatili, urefu mita 210 na upana mita 70, yaani viwanja viwili vya mpira unaviunganisha na kidogo kinabaki, na pembeni zimepangana kaya 23 zote zimegeuza uso kuangalia uwanja. Kwenye uwanja kuna bwawa dogo la samaki, msalaba, karakana ya mhunzi na kikanisa kidogo cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk cha mwaka 1755. Kila kaya ina kiwanja chembamba kwa mbele kirefu kwa nyuma, mbele nyumba, nyuma ghala, nyuma zaidi bustani, afu mashamba. Mpango huo ni wa karne ya 13 na haujasogezwa. Nyumba zenyewe ni za karne ya 18 na 19 lakini zimekaa juu ya mistari ileile iliyopimwa na watu wa miaka zaidi ya 700 iliyopita, na hapo ndo utamu ulipo, maana vijiji vya zamani Ulaya vipo vingi ila hivi vingine mtu alipanua barabara, mwingine akaweka stoo ya mbolea katikati, mwingine akajenga ghorofa, basi picha ikavurugika. Hiki kilibaki kizima, wakakiandika mwaka 1998.

SWALI: Habari Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita amesoma yale maelezo anasema haiwezekani kijiji kizima wabaki watu wawili, au mlikosea kuchapa? Mama wa Nkuhungu.

JIBU: Salama mama. Hatukukosea, mwambie mwanao ni tauni. Kati ya mwaka 1520 na 1525 ugonjwa ule ulipita Holašovice na inaelezwa walisalimika wakazi wawili tu. Tauni inabebwa na viroboto vya panya, na sisi sio wageni nayo, wakubwa mtakumbuka habari za Lushoto miaka ya 80, tofauti ni kwamba siku hizi kuna antibayotiki na wakati ule ilikuwa ni kufunga mlango na kusali.

Kinachonivutia zaidi mimi ni kilichofuata. Kijiji kilikuwa mali ya monasteri ya Vyšší Brod, watawa wa shirika la Sisteriani, walipewa na mfalme Wenceslas wa Pili mwaka 1292 (jina la kijiji lenyewe linaonekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1263). Sasa fikiria wewe ni abate, mkuu wa monasteri, una ardhi nzuri haina mtu, shamba lisilo na mkulima halitoi kodi wala nafaka. Wakaletwa walowezi kutoka Bavaria na Austria, wanaongea Kijerumani, wakakabidhiwa viwanja vilevile vya marehemu. Mwaka 1530 wanahesabiwa wakazi 17 wenye kuongea Kijerumani. Kwa hiyo kijiji kilichokuwa cha Wacheki kikageuka cha Wajerumani ndani ya nchi ya Wacheki na kikabaki hivyo miaka mia nne, hesabu ya mwaka 1895 inaonyesha Wajerumani 157 na Wacheki 19. Shika hiyo namba mama, kuna mzee wa Chamwino ameuliza swali huko chini na jibu lake linaanzia hapo.

SWALI: Mwalimu mambo. Mimi fundi ujenzi Chang'ombe. Zile nyumba juu pale mbele zimekatwa kama kengele, sio pembetatu ya kawaida, na zina maua ya lipu. Hiyo ni saruji? Mteja wangu ameona gazeti anataka kama ile, nimwambie inawezekana?

JIBU: Poa fundi. Saruji hapana, ni lipu ya chokaa. Ukuta ni wa matofali na mawe, unapigwa lipu, afu mapambo yanachongwa au kumwagwa kwa chokaa hiyohiyo, matawi, majani, duara, nyota, na juu kwenye ule ukuta wa mbele wa kenchi, hapo unapoona umbo la kengele au mawimbi, mara nyingi utakuta wameandika mwaka wa kujenga. Paa ni vigae vyekundu na mteremko wake ni mkali kwa sababu theluji inatakiwa iteleze isilalie paa ikalivunja. Wenyewe wanaiita baroko ya wakulima. Baroko ya kweli ni ile ya makanisa na majumba ya mabwana, minara na mikunjo na mbwembwe nyingi, sasa fundi wa kijijini alienda mjini akaona, akarudi akamfanyia mkulima kwa vipimo vya mkulima na rangi za mkulima, njano, bluu, waridi, nyeupe.

Kwanini walianza kujenga kwa matofali? Moto. Zamani zilikuwa za magogo na paa za nyasi au mbao, cheche moja kijiji kimekwisha, na kuanzia karne ya 18 serikali ya kifalme kule Vienna (Bohemia ilikuwa chini ya Wahabsburg, ukoo wa kifalme wa Austria) ikawa inabana sana ujenzi wa mbao. Lakini pia kuna sababu ya mfukoni. Mwaka 1848 mfumo wa kumtumikia bwana kwa kazi za lazima ulifutwa, monasteri ikapoteza mamlaka, mkulima akawa na shamba lake na mavuno yake, na mtu akishapata hela unajua tena, kitu cha kwanza jirani aone. Nyumba nyingi nzuri za pale ni za baada ya hapo kidogo au miaka ya karibu na hapo.

Muundo wa kaya uuangalie vizuri maana picha yetu ilikata. Kulia au kushoto ni nyumba ya kuishi, upande wa pili ni ghala la nafaka au nyumba ndogo ya wazee walioshaachia shamba kwa mtoto, na katikati ukuta wenye geti la tao kubwa la kupita mkokoteni na mlango mdogo wa kupita mtu. Unaingia ndani unakuta ua, mazizi pembeni, na kwa nyuma banda la mazao limekaa kwa upana limefunga ua wote. Mgogo yeyote aliyekulia kwenye tembe akisimama katikati ya ule ua hahitaji kuelezwa, nyumba imezunguka, mifugo ndani, chakula karibu na jicho la mwenye nyumba.

Kuhusu mteja, inawezekana, tofali na chokaa vyote vipo. Ila mshauri kwamba umbo lile linapendeza sababu ziko 23 zimepangana mstari, ukiiweka moja peke yake mtaani Kisasa katikati ya mageti ya bati na paa za msauzi itaonekana kanisa. Hela ni yake lakini.

Na kabla sijasahau, pale mlangoni kila nyumba ina namba, sio namba ya mtaa maana mtaa hakuna, ni namba ya nyumba ndani ya kijiji. Mpango huo waliuanzisha kina Maria Theresa, malkia wa Wahabsburg, mwaka 1770 na 1771, kusudi wajue vijana wa kupeleka jeshini wako nyumba ipi, na mpaka leo Wacheki wanaendelea na namba za mtindo ule. Sisi operesheni yetu ya anwani za makazi ya mwaka 2022 angalau haikuwa ya jeshi.

SWALI: Mwalimu heshima yako. Nalima mpunga Bahi. Nimeona kijani mpaka mlangoni na bwawa katikati ya kijiji, nikasema hawa Mungu kawapendelea mvua. Wanapata kiasi gani, wanalima nini, na hilo bwawa wanamwagilia?

JIBU: Asante sana ndugu yangu, na hili swali nimelifurahia kuliko yote kwa sababu jibu lake litakukera. Mvua yao na yetu karibu sawa! Dodoma kwa mwaka wa kawaida tunapata kama milimita 570, České Budějovice pale wanacheza karibu na 600. Tofauti ya ndoo mbili tatu. Shida ni kwamba sisi yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo, mwezi mmoja inafurika Bahi barabara haipitiki, afu kuanzia Mei mpaka Novemba mbingu kavu kabisa na jua na upepo vinanyonya kila kilichobaki. Wao inagawanyika mwaka mzima, miezi ya joto ndo inanyesha zaidi, wakati mmea unahitaji, na baridi ikiingia maji hayana pa kwenda, udongo unabaki na unyevu, Januari wastani wa joto ni kwenye sifuri au chini yake na bwawa linaganda. Kwa hiyo ukiwa unasikia wataalamu wanasema Dodoma ni nusu jangwa usifikiri ni kiasi cha mvua tu, ni ratiba yake na joto linaloila.

Ardhi ya pale ni bonde pana tambarare, bonde la České Budějovice, na kusini mwa kijiji ndo inaanza milima ya misitu inaitwa Blanský les. Kilele chake kirefu ni Kleť, mita 1,084 juu ya usawa wa bahari. Unaona mlima kabisa, una mnara juu, watu wanapanda wikiendi. Sasa uwanja wetu wa ndege hapa Dodoma mjini uko kama mita 1,119. Yaani ule mlima wao ungeletwa hapa ungekuwa chini ya ndege zilizopaki. Kijiji chenyewe ni kama mita 450 tu.

Wanalima ngano, shayiri, viazi, majani ya ng'ombe, alizeti sio sana, alizeti hiyo waachie Singida. Bwawa la katikati ya kijiji sio la kumwagilia, ni la samaki, la kunyweshea mifugo na la kuzimia moto, rudi kwenye jibu la fundi utaona kwanini. Bohemia ya Kusini nzima ni nchi ya mabwawa, na sio ya asili, yamechimbwa na kuzibwa kwa mikono kuanzia zama za kati kwenye ardhi ya maji maji ambayo haikufaa kulima. Kubwa lao linaitwa Rožmberk liko karibu na Třeboň, lilikamilika mwaka 1590, uso wa maji ni karibu hektari 490. Samaki ni karpi. Wakati wa vuli wanafungulia maji taratibu mpaka bwawa linabaki dimbwi, wanaume wanaingia na buti za kiunoni wanavuta wavu kwa pamoja, na karpi wanatunzwa hai mpaka Krismasi kwa sababu mlo wa mkesha wa Krismasi wa Mcheki ni karpi wa kukaanga na saladi ya viazi. Wiki ile ya Krismasi wanauzwa barabarani kwenye matenki, wapo wanaompeleka nyumbani mzima akae kwenye sinki la kuogea siku mbili tatu, watoto wanampa jina, afu siku ya kumchinja ni vilio. Wewe na watu wa Mtera mngechekana nao vizuri.

SWALI: Mimi ni mzee wa Chamwino. Wakati wa Operesheni Dodoma nilikuwa kijana mwenye mke mmoja na tembe langu, tukahamishwa tukapangwa mistari kwenye kijiji cha ujamaa. Naambiwa huko nako watu walihamishwa. Walihamishwa na nani, na waliporudi walikuta nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hawakurudi.

Nianze na wale Wajerumani 157. Hadi mwaka 1918 Czech ilikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria, basi Mjerumani wa Holašovice hakuwa na tatizo la kuulizwa wewe ni wa nani, mfalme wake alikuwa Vienna. Vita ya Kwanza ikaivunja dola, ikazaliwa Czechoslovakia, na ndani yake wakajikuta Wajerumani zaidi ya milioni tatu, wengi wakikaa kandokando ya mipaka. Hitler akalitumia hilo. Septemba 1938 kule Munich, Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa wakakaa wakakubaliana yale maeneo yamegwe apewe Hitler, na wenye nchi hawakupewa hata kiti. Holašovice ikawa upande uliomegwa. Kilichofuata dunia inakijua, nchi yote ikakaliwa, watu wakauawa, kuna kijiji kinaitwa Lidice karibu na mji mkuu Praha ambacho tarehe 10 Juni 1942 Wanazi waliwapiga risasi wanaume 173 siku moja na kijiji wakakichoma na kukisawazisha.

Vita ilipokwisha mwaka 1945 hasira ilikuwa kubwa mno. Kwa amri za rais Edvard Beneš Wajerumani walinyang'anywa uraia na mali, na mkutano wa washindi wa vita kule Potsdam ukabariki kuwahamisha, karibu watu milioni tatu waliondolewa, kwanza kwa vurugu na damu na baadaye kwa treni za mpangilio. Kwa Holašovice ilikuwa 1946. Kwenye treni zile za mpangilio mtu mmoja aliruhusiwa mzigo wa kilo 30, baadaye wakaongeza ikawa 50. Mkulima ambaye babu wa babu yake alikabidhiwa kile kiwanja baada ya tauni, ambaye mwaka umeandikwa juu ya nyumba kwa lipu, anapima kilo 50 anaacha ghala, ng'ombe, kila kitu, na funguo. Wapo miongoni mwao waliomshangilia Hitler, hilo lisifichwe, lakini treni haikuchagua, na bibi na mtoto mchanga wote waliingia.

Mzee hapa nisiweke vitu viwili kwenye mizani moja. Operesheni yetu mlihamishwa ndani ya ardhi ya mababu zenu, mkabaki Wagogo na wananchi, na lengo lililosemwa ni shule, maji na zahanati, hata kama wengi mnakumbuka zaidi tembe zilizobomolewa, na mashamba yaliyobaki mbali mno mtu kutembea na jembe. Wale walitolewa nje ya nchi moja kwa moja. Kinachofanana ni lile jambo la mtu wa ofisini kuangalia makazi ya watu kwenye karatasi.

Zile nyumba sasa. Baadhi zilichukuliwa na Wacheki, nyingine zikakaa tupu. Mwaka 1948 wakomunisti wakashika nchi, mwaka uliofuata ukaja utaratibu wa ushirika wa kilimo wa vijiji, mipaka ya mashamba ikalimwa ikafutwa nchi nzima, ng'ombe wakakusanywa kwenye mabanda marefu ya pamoja, hapo utakuwa unatikisa kichwa najua. Karibu kabisa na mpaka wa Austria na Ujerumani Magharibi vijiji vingi vilivyoachwa vilibomolewa hata makanisa yake. Holašovice haikuwa ukanda ule wa mwisho, na haikuwa na umuhimu wa kuwekewa kiwanda, hela ya kuvunja na kujenga upya haikuja, basi ikakaa inavuja na kumomonyoka lipu miaka arobaini, lakini nzima. Vijiji vyenye bahati vilipata madirisha mapana ya kisasa na lipu ya kijivu ya saruji. Hiki kilikosa maendeleo, ndo maana leo kina cha kuonyesha. Wakomunisti walipoondoka mwaka 1989 watu wakaanza kununua na kukarabati, kuanzia 1990 kikajaa tena.

Na waliofukuzwa? Sheria za kurudisha mali zilipotungwa walichora mstari, mali iliyochukuliwa baada ya tarehe 25 Februari 1948 ndo inadaiwa, siku wakomunisti walipotwaa madaraka. Iliyochukuliwa kabla ya hapo imekwenda. Mjerumani wa Holašovice alinyang'anywa miaka miwili kabla ya mstari. Wapo wazee walioenda kutembea tu, kama watalii, kuangalia geti kwa nje.

SWALI: Mwalimu, mimi wa Kondoa. Kolo tuna michoro ya miambani, nayo UNESCO tangu 2006, mbona watalii tunawahesabu kwa vidole na hao wenye nyumba 23 wanajaa mabasi? Na je tembe zetu nazo haziwezi kuandikwa?

JIBU: Mabasi yanajaa kwa sababu za kibiashara tu ndugu yangu, wako katikati ya Ulaya, barabara lami, saa chache kutoka Praha na Vienna, na jirani yao kuna Český Krumlov ambao nao ni UNESCO na wenyewe unatembelewa sana, basi mtu anapitia njiani anapiga picha. Kolo mgeni anatoka Arusha amelipa hela zake kuona simba, kumshawishi apande mwamba juani kuangalia twiga aliyechorwa wakati twiga mzima kamwona asubuhi ni kazi ya muongozaji hodari. Siku hizi lami ya Dodoma hadi Babati imefika, hicho kisingizio kimeisha.

Tembe ni habari nyingine na hapa nitasema ukweli wangu. Holašovice imeandikwa kwa sababu imekaa pale ilipo, watu wanalala ndani, na mwenye nyumba akitaka kubadilisha dirisha la mbele anapita kwanza kwa watu wa mambo ya kale. Sisi tembe la kuonyesha ukitaka kuliona limetunzwa vizuri nenda Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam, Mgogo anapanda basi kwenda pwani kuangalia nyumba ya bibi yake. Vijijini yamebaki machache, paa la udongo linataka kushughulikiwa kila msimu, nguzo nzuri zimeadimika, na bati ni bati, simlaumu mtu, mvua ya Januari ikishakunyeshea ndani huwezi kumwambia asubiri UNESCO. Lakini hata kaya tano sita za kitongoji kimoja zikikubaliana zikabaki na tembe zao zimepangana na zizi na vihenge, na halmashauri ikalipia matengenezo ya paa kila mwaka badala ya semina, hiyo inafanyika bila ruhusa ya mtu wa UNESCO kutoka Paris. Orodha ije baadaye au isije.

SWALI: Mambo Mwalimu, niko UDOM mwaka wa tatu. Nikipata nauli nafikaje, na kuna cha kufanya au ni kupiga picha tu?

JIBU: Viza ni ya Schengen, yaani umoja wa nchi za Ulaya zenye viza moja, Czech iliingia huko Desemba 2007. Hela yao ni koruna, usibebe yuro ukadhani umemaliza. Ndege hadi Praha au Vienna kwa kuunganisha, kutoka Praha treni kwenda České Budějovice ni kama saa mbili na ushee, afu basi la kijijini, angalia ratiba vizuri maana wikiendi mabasi ni machache na hakuna bodaboda. Nenda kati ya Mei na Septemba. Julai wana sherehe za wakulima, mafundi wanaleta vyungu, vikapu, vitu vya kuchonga, uwanja wote unakuwa mnada. Kuna nyumba moja imegeuzwa makumbusho ndogo ya maisha ya mkulima, unaingia hadi uani, na kuna sehemu ya kula na bia, bia ya České Budějovice ndo kwao (mji huo kwa Kijerumani unaitwa Budweis, jina Budweiser kwenye chupa za bia za Marekani limetoka hapo na watengenezaji wa pande mbili wamegombana mahakamani miaka na miaka).

Kuzunguka kijiji chote ni nusu saa ukienda polepole. Geti likiwa wazi usiingie na simu juu unarekodi, mle ni kwa watu, wanapika. Piga hodi, kwao nako wanajibu.